Nikivaa shanga naambiwa nimebeba duka, nikivua naulizwa nani kafa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Busia upande huu wa Uganda na ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Magauni yenye mambo mengi hayanikubali. Mimi mfupi, kifua kipo, na nikivaa kitenge cha maua makubwa mtu anaona maua tu, mimi sionekani. Ndiyo maana nguo zangu za kutokea ni tatu na zote ni tupu, hazina ua wala lesi: gauni jeusi la shingo ya duara, la rangi ya maziwa lenye shingo ya V, na la kijani cha chupa ambalo fundi wangu alilifunga kola hadi kooni.

Penzi langu liko kwenye mapambo. Nina kidani cha shanga za karatasi, nyuzi tano, nilichonunua Kampala kwenye vibanda vya nyuma ya National Theatre. Nina hereni za duara za shaba, kubwa, karibu ziguse mabega. Nina bangili nne za pembe ya ng'ombe. Halafu nina mkufu wa shanga nyekundu iliyoiva, mrefu hadi tumboni, aliouacha marehemu nyanya yangu.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi Tororo. Nikavaa gauni jeusi na vyote hivyo. Nilipoingia jikoni kusaidia, wifi yangu mkubwa akasema mbele ya wanawake wote, "Leo umetubebea duka zima." Walicheka mpaka anayekoroga sufuria akaacha mwiko. Nilivua vyote nikavitia kwenye mkoba. Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani na gauni lilelile bila kitu, mume wangu akaniangalia mlangoni akauliza, "Nani kafa?"

Sasa mwezi ujao shemeji yangu anakwenda kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kujitambulisha ukweni, kwa wakwe zake Masaka, na wiki mbili baadaye kuna karamu ya jioni hotelini Jinja. Wifi ndiye anayepanga wanawake wa upande wetu. Nataka kujua: gauni tupu na mapambo makubwa vinakwenda pamoja au ninajidanganya? Vingapi kwa mara moja? Kazini je? Na yule wifi nimjibu nini? Pia zile hereni zikikaa masikioni saa chache naanza kuwashwa.

Mvaa Shanga, Busia

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na wifi yako, maana najua ndiye aliyekukalisha chini ukaandika. Ana ulimi, na pa kusemea hakuchagua. Lakini kwa habari ya Tororo macho yake hayakumdanganya. Hebu viangalie mwenyewe: nyuzi tano za karatasi, juu yake mkufu wa nyanya unaoshuka hadi tumboni, hereni zinazotaka kugusa mabega, bangili nne. Hakuna kibaya hata kimoja hapo. Ila anayekutazama hajui aanzie wapi, na mtu asiyejua aanzie wapi hukimbilia mzaha. Mumeo naye alikuwa na haki yake. Gauni jeusi lisilo na chochote, asubuhi, kwa mwanamke ambaye siku zote huwa na kitu shingoni, lazima mtu aulize.

Vinakwenda pamoja, tena vizuri sana. Wanawake wa pwani wamelijua hili siku nyingi: buibui jeusi, kitambaa kisicho na mchezo wowote, kisha mkono unatoka na bangili za dhahabu zimepanda kuelekea kiwiko na hina imekolea vidoleni. Ingekuwa buibui lina maua, dhahabu ile isingeonekana. Na huku kwetu, panda Moroto uwatazame akina mama wa Kikaramojong. Shanga zimezunguka shingo tabaka juu ya tabaka, pengine nyingi kuliko zako zote, na hakuna anayesema wamebeba duka. Ni shanga za jamii moja, na zimekaa mahali pamoja.

Hapo ndipo pa kushika. Usihesabu vitu, hesabu mahali. Mwili wa mtu aliyevaa gauni tupu una sehemu tatu za kupigia kelele: shingo, masikio, mikono. Chagua moja ipige, nyingine zinong'one au zinyamaze. Shingo ikiwa na nyuzi tano, masikio yapate vipini vidogo tu na mikono ibaki na pete ya ndoa. Chanda chema huvikwa pete, sawa, lakini waliosema hivyo walitaja chanda, hawakutaja vyote kumi.

Najua kuna wanaovaa vyote na wakapendeza. Yule mama wa Marekani, Iris Apfel, aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 102, alikuwa akirundika vidani shingoni na bangili mikononi pamoja na miwani mikubwa ya duara, na jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York lilimfanyia maonyesho mwaka 2005. Lakini yule alivaa hivyo kila siku, mchana na usiku, hadi ikawa ndiyo sura yake. Hakuvua akatia kwenye mkoba mtu alipocheka. Kama una moyo huo, vaa duka lako na uingie nalo jikoni. Nikisoma barua yako naona huna, na si lazima uwe nao.

Sasa tuje kwenye magauni yako, moja moja.

Jeusi la shingo ya duara ndilo la kidani cha karatasi. Lakini simama mbele ya kioo uangalie uzi wa chini kabisa unaishia wapi. Ukiishia palepale kwenye pindo la shingo ya gauni, kila ukigeuka shanga zitapanda juu ya kitambaa upande mmoja na kuteleza ndani upande wa pili, na utashinda ukizivuta. Kidani kikae chote juu ya ngozi, au kishuke wazi juu ya kitambaa, vidole vitatu au vinne chini ya pindo. Kwa kifua chako ningekifupisha kiishie kabla mwinuko haujaanza, maana kidani kinachoning'inia kutoka kifuani hakilali, kinacheza mbele yako na kukuongezea upana. Kufupisha ni kazi ndogo: nyuma pana kamba au mnyororo, sogeza kifungo. Ukitaka kujua urefu unaokufaa kabla ya kununua kingine, zungusha uzi shingoni, ushushe unapopenda, ukate, uutie kwenye pochi, uende nao sokoni. Kwa wanawake wengi sentimita 45 hukaa kwenye mifupa ya chini ya koo.

Shanga zile zina raha nyingine, ni nyepesi. Ni vipande vya karatasi vilivyokatwa pembetatu ndefu, vikasokotwa kwenye sindano, vikagundishwa na kupakwa vanishi. Ukitaka kuhakikisha ni karatasi kweli, tazama mdomo wa shanga pale uzi unapoingia: utaona duara ndani ya duara. Nyingi hutoka mikononi mwa akina mama wa Acholi Quarters, pale mlimani karibu na Kireka, waliokimbia vita vya kaskazini. Vanishi inavumilia manyunyu. Mvua kamili haiivumilii, wala kulala nazo, wala marashi ya kupuliza juu yake. Jipulize kwanza, subiri, ndipo uvae. Na kwa kuwa karatasi ni za rangi mchanganyiko, chomoa rangi moja kati ya zile, hata iliyo chache, ndiyo iwe ya kilemba au pochi. Moja tu.

Gauni la maziwa ni la bangili zako za pembe. Ukiweka ile kahawia na nyeusi ya pembe ya ng'ombe wa Ankole karibu na rangi ya maziwa, hata kitambaa cha mitumba kinaonekana cha bei. Shingo ya V iache wazi, au mkufu mwembamba unaofuata umbo lile la V. Kidani kipana hapo kitagombana na mishono. Vaa bangili zote nne mkono mmoja. Ukizigawa mbili mbili zinapungua nguvu, sijui kwa nini wanawake wengi hupenda kugawa. Kama mikono ya gauni ni mirefu, mwambie fundi aikate iishie chini kidogo ya kiwiko. Pembe usiiloweke kwenye maji wala usiiache dirishani juani, itapasuka. Ipake tone la mafuta ya nazi kwa kitambaa inapoanza kufifia.

La kijani ndilo ninalolionea wivu. Kola iliyofungwa hadi kooni watu huidhani haina pa kuweka kitu, kumbe ndiyo inayobeba mkufu mrefu kuliko shingo yoyote, kwa sababu shanga zote zinalala juu ya kitambaa cha rangi moja bila kukatizwa na ngozi. Nyekundu iliyoiva juu ya kijani cha chupa inatulia vizuri. Ila kwa mwanamke mfupi, mkufu unaofika tumboni unamkata katikati. Uzungushe mara mbili: mzunguko wa kwanza ukae chini tu ya kola, wa pili uishie juu ya kifua. Masikioni vipini, basi.

Kabla ya hapo, ukague uzi wa nyanya. Shika shanga mbili zilizo karibu na kifungo, zitenganishe taratibu kwa kucha, utazame kilichopo katikati. Ukiona nyuzinyuzi zimesimama au uzi umegeuka mweusi, usiuvae popote mpaka ufumwe upya. Shanga za kioo zina ukingo unaosaga uzi polepole miaka yote, nao hukatika siku unayoinua mikono kucheza. Zigusishe meno kujua: kioo ni baridi na kigumu, plastiki ina uvuguvugu. Piga picha mpangilio wake kwa simu kabla ya kufumua. Mwambie fundi apige fundo kati ya shanga na shanga, ili siku ukikatika upoteze moja na nyingine zibaki.

Kwanjula ya Masaka ni jambo jingine kabisa, na hapo nakuomba uyasahau magauni yote matatu. Kwa Baganda, wanawake wa upande wa bwana harusi wanatarajiwa kuvaa gomesi, tena mara nyingi rangi moja. Gomesi yenyewe inasema: mabega yamesimama, shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, karibu mita sita za kitambaa na mkanda mpana unaoning'inia mbele. Ukiongeza nyuzi tano za karatasi kwenye shingo ile, unabishana na nguo iliyokushinda nguvu. Vaa hereni za wastani na bangili moja au mbili za pembe.

Tena fikiria kazi ya siku ile. Mtapiga magoti kusalimia wenyeji, mtabeba vikapu vya zawadi kichwani au mikononi, mtainama kuvishusha. Mkufu mrefu ukipiga magoti unatangulia, unaingia kwenye kikapu cha sukari kabla yako. Bangili nne zikigongana wakati msemaji wenu anajibizana na msemaji wa wenyeji, wazee watageuka wote. Na pochi ya lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kama unayo au unafikiria kununua, iache nyumbani siku hiyo. Ni kitu cha fahari, UNESCO iliutangaza ufundi wa kukitengeneza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, lakini kwa Baganda gome lile ndilo pia linalovikwa wafu, na huwezi kujua mzee gani wa ukweni atalitazama kwa jicho hilo. Kwa karamu ya Jinja ni sawa kabisa.

Jinja basi uende na la kijani na shanga za nyanya. Jioni, taa za hoteli, kioo hushika mwanga kuliko karatasi. Kama unafika kwa bodaboda, shanga ziwe ndani ya pochi zikiwa zimefungwa kwenye leso, uzivae ukishafika mlangoni. Viatu visiwe na maneno mengi, vyeusi au kahawia, ambavyo unaweza kuchezea.

Kazini punguza. Keshia anahesabu noti mbele ya watu, bangili zinagonga kaunta mchana kutwa, na duka la misumari na saruji lina vumbi litakaloingia kwenye kila tundu la shanga. Masikio ndiyo mahali pako pa kazini, hereni za rangi kali lakini fupi. Mteja anakuona kuanzia kifuani kwenda juu, kwa hiyo hata kitu kidogo sikioni kinatosha.

Wifi usimjibu kitu. Maneno ya jikoni yakijibiwa jikoni huongezewa chumvi na kila aliyekuwepo. Ila wiki hii nenda kwake, umuulize gomesi za Masaka ni za rangi gani na hereni zipi anaona zinafaa. Nenda na jozi mbili mkononi, zote mbili unazoweza kuvaa, umwachie achague. Mwanamke anayepanga wenzake anataka kuulizwa mapema kuliko anavyotaka kutiiwa. Siku ya Jinja mwombe akufungie kifungo cha mkufu nyuma ya shingo. Akishakifunga kwa mkono wake itamwia vigumu kuutolea maneno mbele za watu. Akiutolea hata hivyo, basi shida yake na wewe haina uhusiano na shanga, na hilo uliseme na mumeo, nyumbani, ukiwa umekaa.

Sasa masikio. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ikikutana na jasho huacha weusi au ukijani kwenye ngozi. Huo unaoshwa kwa sabuni, hauna madhara. Kuwashwa ni kitu kingine, na mara nyingi chanzo ni nikeli iliyomo kwenye zile kulabu zinazopita tunduni. Mwili ukishaikataa nikeli huwa hausahau, kila ukiigusa itakuwasha, na kadiri unavyolazimisha ndivyo inavyokuja haraka. Hereni zako huna haja ya kuzitupa. Mpelekee fundi wa vito azing'oe kulabu, aweke za fedha halisi au za chuma kile cha hospitali kisichoshika kutu. Wengine hupaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kulabu. Inasaidia kwa saa chache kisha inabanduka, na wewe una karamu ya usiku kucha. Mwambie pia azipime uzito mkononi. Ndewe ikivutwa miaka mingi tundu hurefuka na kuwa mfereji, na kuirudisha ni kazi ya daktari wa kushona, kwa hiyo hereni kubwa ziwe za siku za shughuli, uzivue ukifika nyumbani kabla hujavua viatu.

Kwa sasa pumzisha masikio kabisa hadi wekundu uishe, uyaoshe kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato. Yakitoa maji au usaha, au yakiendelea kuwasha wiki mbili baada ya kuacha hereni, nenda kituo cha afya wakuangalie. Dawa ya meno usipake, hata wifi akikuambia.

Shangazi